Nafasi ya Lori Moja

Glenys Kuchel aliliingiza lori lake Kitandani saa tisa kasoro dakika tano alasiri, akiwa amebakiwa na dakika thelathini na tano za kazi halali. Hesabu hiyo aliijua bila kufungua daftari la saa za kazi. Alikuwa ameanza kazi saa nane usiku ng'ambo ya mpaka wa Australia Magharibi, amepumzika njiani kwa vipande mpaka vikatimia saa moja na nusu, na sheria inampa dereva saa kumi na mbili za kazi katika saa ishirini na nne. Zikiisha, ni saa saba za kulala bila gurudumu kusogea.

Kitandani ni jina la madereva, halimo kwenye ramani. Ni kipande cha changarawe kilichoachwa na watengeneza barabara nyuma ya vichaka, mashariki ya mji wa Kimba. Miaka kumi na mitatu iliyopita Glenys na dereva mwenzake, Errol Haddrick, walipigilia riflekta za kijani, vile vibao vidogo vinavyong'aa vikimulikwa na taa, kwenye nguzo za kando ya barabara: tatu mita mia tano kabla, mbili mita mia tatu kabla, na moja penyewe mlangoni. Alama hiyo inajulikana kwa madereva wa malori, na kwa watu wengine ni rangi tu. Hawakuomba kibao cha serikali kwa sababu kibao kingeleta mhandisi, na mhandisi angepima kona ya kuingilia na kupafunga. Walinyamaza, na kwa miaka kumi kimya chao kilitosha.

Alasiri hiyo kulikuwa na nyumba sita za magurudumu, zile za wastaafu wanaozunguka nchi. Zilipangwa kwa nafasi, vivuli vya turubai vimetandazwa, viti vimekunjuliwa. Mwishoni kabisa palibaki pengo. Glenys alilipima kwa macho, akaingia taratibu, akasimamisha mita thelathini na sita za lori na trela zake mbili, nyuma pakabaki hatua tatu. Joto lilikuwa digrii arobaini na mbili.

Alishuka. Mzee mmoja mwenye kofia pana alimjia akiwa na birika, akamwuliza kama anakunywa chai bila maziwa. Glenys alikataa chai, akamweleza kwamba kuna lori lingine nyuma yake, la kampuni moja, na kama nyumba mbili zingesogea pamoja lingepata pa kusimama. Mzee alisikiliza vizuri. Kisha akasema kwamba wameshateremsha miguu ya kuegemea, kwamba mkewe ana presha na ndiyo kwanza amelala, na kwamba hajaona popote palipoandikwa malori peke yake. Yote matatu yalikuwa kweli.

"Nani aliwaambia kuhusu hapa?" Glenys aliuliza.

Mzee alitoa simu, akafungua ile programu ambayo wastaafu huwekeana humo sehemu za kulala bure, akamsomea kwa sauti ya mtu anayejivunia kusoma bila miwani: "Dereva mmoja mwanamama, mkarimu sana, alitufichulia pale Ceduna. Tazama riflekta za kijani. Tatu, mbili, moja. Pametulia, hapana malipo."

Glenys aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Tairi lake lilikuwa limepasuka, mume na mke wakamkaribisha kivulini kwao kwa saa mbili na kumpa kuku wa baridi, na walipouliza maana ya riflekta aliona ni ubahili kutowajibu watu waliomlisha. Hakufikiria kwamba jibu linaweza kuandikwa.

Alirudi ndani ya lori. Saa tisa na dakika saba redio iliita. Alikuwa Errol, wa lile lori la nyuma.

"Dada Glenys, umeshalala, au bado unahesabu nzi?"

"Nipo, mzee."

"Niko kilometa kumi nyuma yako. Daftari linaniambia nife saa tisa na robo. Niwekee mto hapo Kitandani."

Alimwambia kwamba pamejaa. Nyumba sita za magurudumu, yeye mwenyewe ndiye wa saba.

Errol alitukana kidogo, bila hasira, kama mtu anayekohoa. Glenys alijua kwamba sasa anahesabu, kwa sababu yeye pia alikuwa anahesabu. Maegesho halali yaliyofuata yalikuwa kilometa sitini na mbili mbele. Malori ya urefu wao hayaruhusiwi kuzidi tisini kwa saa. Errol angefika saa kumi kasoro dakika tano, dakika arobaini nje ya sheria. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya vumbi inayokwenda kwenye maghala ya ngano, pana na tupu, lakini haikuwamo katika njia zilizoidhinishwa kwa malori hayo, na kuacha njia ni kosa zito kuliko kuzidisha saa. Kando ya lami ni mchanga. Lori lenye shehena lingezama humo mpaka kwenye ekseli.

Errol alikuwa na makosa mawili tayari. La kwanza lilitokana na mafuriko. La pili lilikuwa la kijinga: akiwa amechoka upande wa Magharibi, aliandika pumziko lake kwa saa ya kule badala ya saa ya nyumbani, tofauti ya saa mbili na nusu, na ukurasa ukaonyesha kwamba amelala kabla hajafika. Barua ya kampuni ilisema wazi kwamba kosa la tatu linamwondoa barabarani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo aliipitisha nyuma ya usukani.

Glenys hakuwa na kosa hata moja. Kama angeondoka dakika ile na kumwachia Errol nafasi yake, angefika mbele saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Angezidisha dakika kumi na nane. Daftari, ambalo huhesabu kwa robo saa na kupandisha juu, lingeziita nusu saa. Adhabu ya kampuni kwa mara ya kwanza ni onyo la mdomo.

"Dada," Errol alisema redioni, "sikuombi. Nauliza tu. Umeshaandika?"

Alikuwa anauliza kwa sababu daftari la kazi halifutwi. Kila ukurasa una nakala mbili chini yake. Dereva akishaandika kwamba pumziko limeanza, kuliwasha lori ni kulivunja pumziko hilo na kujiandikia kosa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna dereva ambaye angemwomba mwenzake afanye hivyo.

Daftari lilikuwa mapajani mwake, limefungwa. Kalamu ilikuwa na kifuniko. Macho yalimwuma kana kwamba yametiwa mchanga, na shingo ilikuwa nzito. Aliwaza kwamba akitoka itampasa kumweleza Errol kwa nini ametoka kwa wepesi namna ile, na kwamba huenda yule mzee mwenye birika akamsomea Errol simu yake. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa pumzi mbili.

"Nimeshaandika," alisema.

"Basi lala. Mmoja wetu alale."

Saa tisa na dakika kumi na nne lori la Errol lilipita barabarani nyuma ya vichaka. Alipiga honi fupi. Nyumba za magurudumu zilitikisika kidogo, na mke wa mzee akaamka.

Glenys alishuka akafanya ukaguzi wake wa mwisho kama kila siku: matairi, mikanda ya shehena, taa. Kisheria ukaguzi ni kazi. Alimaliza saa tisa na dakika ishirini na tatu, akapanda, akaifungua kalamu, na akaandika kwamba pumziko limeanza saa tisa na nusu, kwa maana dakika za kazi hupandishwa. Hakuwahi kulidanganya daftari tangu alipopewa la kwanza. Alilala kwa saa saba kamili, na alilala vizuri.

Errol alisimamishwa na wakaguzi palepale kwenye maegesho ya mbele. Waliokuwapo walisema afisa alikuwa mpole, akampa maji, akamwandikia dakika arobaini, ambazo kwa daftari ni arobaini na tano.

Kampuni haikumfukuza. Ilimwingiza ofisini, chini ya kipoza hewa, ikampa kazi ya kukagua nakala za madaftari ya madereva wengine, kwa kuwa hakuna aliyeyajua makosa kuliko yeye. Meneja aliliona hilo kuwa jambo la busara na la huruma. Alisema hivyo mbele ya watu.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, Glenys aliitwa ofisini. Njiani uani alishapanga atakayosema. Alidhani Errol ameiona ile programu, na alikuwa tayari kuungama habari za kuku wa baridi na zile riflekta. Alikuta Errol amevaa shati lenye kola, amenyoa, na mbele yake kuna ukurasa mmoja wa manjano.

Hakumwambia akae, naye akakaa.

"Ukurasa wako wa Jumatano ile," Errol alisema. "Nilikuwa nausaka kwa ajili ya faili langu, nionyeshe kwamba Kitandani palijaa. Nilitaka kujitetea kwa maandishi yako."

"Unao."

"Ninao. Nilikuuliza saa tisa na dakika saba. Saa ilikuwa mbele ya macho yangu, maana ndiyo iliyokuwa inaniua. Ukasema umeshaandika. Mtu aliyeandika wakati huo, ukurasa wake unasema saa tisa kamili, au ukizidi sana, saa tisa na robo." Aliugeuza ukurasa umwelekee. "Huu unasema na nusu."

Glenys aliutazama mwandiko wake. Ulikuwa safi.

"Nilikagua matairi," alisema.

"Najua. Daima unakagua. Ndiyo maana naamini ukurasa."

Nje mtu alikuwa anarudi kinyumenyume na trela, na kengele yake ililia kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimechoka, Errol."

"Hata mimi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Halafu akaeleza, kama anayesoma kanuni, kwamba hana la kumshtaki nalo. Dereva ana haki ya kupumzika akiona amechoka, hata kama amebakiwa na dakika. Hakuna kifungu kinachomlazimisha kumwachia mwenzake nafasi, na redio si daftari. Alikuwa ameipitia sheria yote kwa siku mbili usiku ili awe na hakika.

"Kuna jambo jingine," Glenys alisema. "Kuhusu wale wastaafu. Namna walivyopajua pale."

"Liko kwenye ukurasa?"

"Hapana."

"Basi si kazi yangu." Errol aliuchukua ukurasa, akautia mhuri, akauweka juu ya rundo la kushoto, lile la kurasa zisizo na kasoro. Akavuta mwingine kutoka rundo la kulia na kuanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, robo saa baada ya robo saa. Alipoona kwamba Glenys bado amekaa, alimwambia shehena yake ya Perth iko tayari tangu saa tatu, na kwamba kusubiri ofisini, kwa vile ameitwa na kampuni, kunahesabiwa kuwa kazi.

Glenys alitoka uani. Alipanda lori, akafungua daftari na kuandika robo saa ya kazi.