Mstari wa Saa Kumi

Bi Pindo alizijua hesabu zote, ukiacha kutoa, kuzidisha na kugawanya. Na hata kujumlisha, alijumlisha kwa vifungo.

Siku hiyo alikuwa anapinda sketi ya shule, na ukutani mstari wa chaki ulikuwa unajichora kama kawaida. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye aliyeandika pale kanuni ya jinsi mambo yanavyobadilika kadiri siku zinavyokwenda, mwaka ule kitinda mimba wao alipoondoka. Kanuni ikashika kazi. Nukta kwenye ncha ya mstari ilikuwa binti yao huyo, popote alipo. Duara dogo, mlango wa nyumba. Walishahamisha kalenda na kabati ili apite.

Saa kumi alasiri nukta ililikaribia duara. Bi Pindo akaacha kukanyaga cherehani. Nje zikasikika ndara za binti yake, ya kushoto ikiburuza, na harufu ya mafuta yake ya nywele ikapenya chini ya mlango. Akafungua. Kizingiti kitupu. Ukutani nukta ilikuwa imeshakata kona. Akasimama akiivuta harufu ile mpaka ikaisha.

"Mwaka wa saba huu, baba," akamwambia mumewe. "Anafika, haingii. Kwa nini?"

"Ndivyo kanuni ilivyo, mama watoto. Mwanzo ukipotoka unywele mmoja, mwisho hupotea maili na maili."

"Kama pindo, basi. Ukianza kombo unamaliza kombo. Na mwanzo wake huyu ulikuwaje?"

"Aliondoka mwenyewe. Sikumwambia neno."

Bi Pindo akachovya kitambaa majini, akafuta ncha ya mstari. Mstari ukarudi nyuma, taratibu, kama uzi unaofumuliwa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ulikoanzia. Hapo chaki ikaandika, kwa mwandiko wa Mwalimu, ule wa kusahihishia madaftari: TOKA HAPA!

Kisha nukta ikaanza upya, njia ileile.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Si hesabu hiyo? Toka hapa. Yaani, kuanzia hapa."

"Na hiki kijiti chenye nukta chini?"

"Alama ya hesabu. Ipo. Wewe hukufika huko darasani."

"Sikufika, baba, kweli." Bi Pindo akausogelea ukuta, akayasoma maneno kwa kidole. "Toka hapa hadi wapi?"

Mwalimu akavaa miwani, akaanza kuupekua ukuta mzima, akiitafuta hiyo "hadi".