Taa Isiyomwakia Tunu

Tangu alfajiri nilikuwa situlii. Chai niliiacha mezani ikapoa. Mume wangu Suleiman akaniuliza kama nimekalia siafu, nikamjibu jibu ambalo mke mwema hamjibu mumewe asubuhi. Siku hiyo mashine ya kupiga chapa sabuni ilikuwa inaanza kazi tena, na wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa Tunu, dada yake Suleiman, wifi yangu.

Mashine hiyo ilikuwa imesimama tangu ilipomla mwenzetu Mauwa vidole viwili. Mauwa sasa anakaanga vitumbua Tandika, na kila nikimwona anavyovigeuza kwa mkono wa kushoto, nageuza uso. Kiwanda chetu hapa Temeke si kikubwa, lakini fundi umeme ni mimi peke yangu. Meneja wetu, Theonest, aliniagiza nichague sensa, yaani kidude cha kuhisi mkono, ya kukaa mdomoni mwa mashine, ili mkono ukiwa ndani, bamba la kugonga chapa lisishuke hata kama mtu amekanyaga pedeli.

Farhan, muuzaji wa vifaa vya umeme kutoka Kinondoni, alinitandikia aina tatu. Ya kwanza inarusha mwanga usioonekana, na mwanga ukigonga kitu ukarudi, inajua kitu kiko karibu. Ya pili inafanya vivyo hivyo kwa sauti ambayo sikio halisikii. Ya tatu huja kwa jozi: moja inarusha mwanga upande huu, mwenzake anaupokea upande wa pili, na chochote kikikatiza katikati mashine inagoma. Jozi ilitaka kutoboa chuma pande zote mbili na kuvuta nyaya upya, na Theonest alikuwa na oda inayomkaba koo. Nikachukua ya kwanza. Niliijaribu kwa mkono wangu mwenyewe mpaka bega likauma. Kila nikiupitisha, kitaa cha njano kinawaka na bamba linabaki juu. Theonest akanipa mkono wa pongezi. Nilipaswa kulala kama mtoto, lakini usiku kucha niligeuka kitandani bila kujua nini kinanisumbua.

"Wifi, mbona macho yamekuvimba?" Tunu alinikuta tayari nimesimama kando ya mashine. "Kaka yangu kakukosesha usingizi?"

"Kaka yako anakoroma tu, hana lingine."

"Na mikono nje tena! Mwanamke mzima, utadhani unaenda kufua mablanketi."

Haipiti siku hajanisuta kwa hilo. Mie ushungi navaa, lakini mikono ya shati naikunja juu ya kiwiko, maana kitambaa kinachoning'inia na nyaya havipatani. Tunu ni mwingine. Akifika kazini baibui analitundika, anavaa koti la kiwanda la mikono mifupi, na mikononi anavuta ile mikono ya kubana, myeusi, wanayouza sokoni, inayoanzia juu ya kiwiko mpaka kwenye kifundo. Tangu avunje ungo hajaonyesha kiwiko mbele ya mwanamume wa nje, na katika hilo hana mzaha.

Alikaa. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta mdomo wa mashine kabla ya kazi, mkono ukiingia na kutoka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kitaa.

Hakikuwaka.

Nilidhani nimepepesa macho. Akaingiza mkono tena, mpaka ndani kabisa kwenye kona, kitaa kimya. Nyuma yangu Theonest alikuwa anawaambia watu wajipange, mota ikaanza kuunguruma, na mguu wa Tunu ukasogea kuitafuta pedeli.

"Tunu! Toa mkono!"

Sijui niliruka vipi. Nilijikuta nimepiga kitufe chekundu kwa ngumi, mashine imezimika, na kiwanda kizima kinanitazama kama mtu aliyepandisha mashetani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu ya mota, nikaizima na kuipiga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Umeme wa sensa peke yake nikauacha.

"Nusaiba, kuna nini?" Theonest aliuliza.

"Haimwoni."

"Haimwoni nani? Si juzi tumejaribu wote?"

"Tulijaribu kwa mkono wangu. Mkono wangu uko uchi."

Hakunielewa, na sikumlaumu, hata mimi ndiyo kwanza nilikuwa najielewa. Nikatoka getini, nikanunua kwa yule mama wa mihogo na nazi muhogo mbichi, mnene kama mkono wa mtu, aliokwisha kuumenya. Nikaufunga kwenye mpini wa fagio. Nikafungua kufuli, nikawasha mota, nikawafukuza watu wasogee, nikausukuma muhogo mdomoni mwa mashine na kukanyaga pedeli. Kitaa kikawaka, bamba likagoma. Theonest akanyanyua mabega, kama kusema, si nilikwambia.

"Tunu, una mkono wa akiba?"

Alinitolea mmoja kwenye pochi yake. Nikauvisha muhogo, nikausukuma tena, nikakanyaga.

Bamba lilishuka. Kishindo chake nakisikia mpaka leo. Nilipouvuta muhogo nje, kile kitambaa cheusi kilikuwa kimepasuka katikati, na kwenye nyama nyeupe ya muhogo, au tuseme kwenye kilichobaki, ilikuwa imegongwa chapa ya sabuni yetu, safi kabisa. Mwanga ule unahitaji kurudi ili sensa ione. Nyeusi inaumeza, haurudi wa kutosha, na mashine inaamini hakuna mtu. Tunu alikuwa amejishika kifundo cha mkono.

Nikaizima mota, nikaifunga tena. Theonest naye alikuwa amepauka, sitamsingizia. Lakini oda ilikuwa bado imemkaba, akapata njia.

"Basi ni rahisi. Wakunje mikono. Kama wewe tu. Tunaanza sasa hivi."

Wanawake wa pale mbele wakatazamana. Halafu, polepole, Tunu akashika ukingo wa ule mkono mweusi na kuanza kuushusha.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Wifi, mie watoto wanasoma," alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Acha tu yaishe."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na zaidi ya yote nilijikasirikia mimi. Mwanamke huyu amenisuta miaka yote kwa mikono yangu, na sasa anavuliwa wake kwa sababu ya kidude nilichokichagua mimi. Nikaukamata mkono wake, nikaurudisha ule mkono wa kubana juu ya kiwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Havui mtu hapa."

"Nusaiba, lete ufunguo," Theonest alisema. "Huo ni wa kiwanda."

"Ufunguo wa kiwanda, bosi, lakini mkono wa wifi yangu. Njoo kwanza."

Theonest ni mtu wa Bukoba, na ofisini kwake kiyoyozi hakizimwi, kwa hiyo koti lake jeusi halimtoki mwilini. Nikamwonyesha kufuli limefungwa ili asiogope. "Pitisha mkono. Mota imezimwa, ni taa tu."

Akapitisha. Kitaa kimya. Akausogeza karibu zaidi. Kimya. Akageuza kiganja nje, kitaa kikawaka, akaingiza mkono mpaka koti likawa ndilo linalotazamana na sensa, kikazimika. Alirudia kama mtu anayebonyeza swichi ya taa nyumbani wakati umeme umekatika. Nyuma yetu mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Hata mimi," alisema.

"Hata wewe. Na sweta la mtu mwezi wa saba, na glavu iliyopakaa grisi. Tutamvua nani na nani?"

Alivua koti lile akaliangalia, kisha akalivaa tena. "Mpigie Farhan."

Farhan alikuja na bodaboda na maneno mengi. Akajaribu kunipa ile ya sauti, eti haijali rangi. Ni kweli, rangi haijali, lakini nguo laini nayo inaimeza sauti. Nilipoweka muhogo uliovishwa, mara iliuona, mara haikuuona. Nikamrudishia. Kuona kwa kubahatisha ni kubaya kuliko upofu, maana kipofu huendi naye vitani.

Tukafunga jozi. Nilitoboa chuma, nikavuta nyaya, na kila Theonest akipita anauliza, "Bado?" Usiku naota vishindo. Suleiman akahamia sebuleni.

Siku ya kujaribu, Tunu alinunua muhogo mwenyewe. Akauvisha mkono wake mweusi mwenyewe, akausukuma ndani kwa fagio, akakanyaga pedeli. Kitaa kikawaka, bamba likakaa juu. Akarudia upande wa kushoto, kulia, juu, chini, mpaka Theonest akaanza kutabasamu. Kisha akauvua muhogo ule, mzima, akauosha bombani, akauvunja vipande viwili, akanipa kimoja.

"Kula, wifi. Umekonda."

Akavuta mkono wake mweusi mpaka juu ya kiwiko. "Bismillahi," akasema, akakaa.

Nilibaki nimeshika kipande changu, macho kwenye kitaa. Aliingiza sabuni ya kwanza, kikawaka. Akatoa mkono, kikazimika, akakanyaga, bamba likashuka. Akaingiza ya pili, kikawaka tena.

Ndipo nikauma muhogo.