Urefu wa Asubuhi

Mimi nilipinga habari ya hoteli mbili tangu siku ya kwanza, na nilipinga kwa sauti. Corinne, mke wa mwanangu Garth, alikuwa ametandaza karatasi zake kwenye meza yangu ya jikoni huku Ohio, akawa anatueleza mpango wa safari ya Florida. Siku nne tutalala hoteli ya kando ya barabara kuu, ya bei nafuu. Usiku wa tano tutahamia hoteli iliyo jirani kabisa na geti la bustani ya michezo, ambayo wageni wake huingia nusu saa kabla ya watu wengine.

"Yaani tufungashe, tufungue, tufungashe tena," nikasema. "Kwa ajili ya kitanda cha usiku mmoja! Corinne, hii ni likizo au tunakimbia mafuriko?"

"Ni usiku mmoja tu, Mama. Tujidekeze kidogo kabla Garth hajaondoka."

"Hizo karatasi kawashie jiko."

Nilisema hivyo kwa ukali, maana neno *kuondoka* lilikuwa limenichoma. Garth ni fundi wa majenereta. Alikuwa amepata kazi kwenye kituo cha utafiti kule Ncha ya Kusini, kwenye barafu tupu, miezi kumi na tatu bila kurudi nyumbani. Angeondoka wiki moja baada ya likizo. Safari nzima ilikuwa ya kumuaga, ingawa hakuna aliyethubutu kuiita hivyo mbele ya Hattie.

Hattie ni binti yao, mjukuu wangu wa pekee, ana miaka minane. Darasani kwao ndiye mfupi kuliko wote, na kwa mdomo hakuna anayemfikia. Tangu akiwa na miaka mitano baba yake alimwahidi jambo moja: siku atakayotimiza inchi arobaini na nane, watapanda Radi pamoja. Radi ni treni ya pale bustanini, inapanda juu kama jengo la ghorofa ishirini kisha inajitupa chini na watu wake wote. Garth aliipanda mara ya kwanza na baba yake, marehemu mume wangu, na hadithi hiyo Hattie anaijua neno kwa neno. Ukiwa chini ya inchi arobaini na nane hupandi, hata ulie damu.

Na aliyesema Hattie ametimiza ni mimi. Fremu ya mlango wangu wa jikoni ina mistari ya penseli ya urefu wa Garth tangu alipoanza kusimama, na pembeni yake mistari ya Hattie. Kila siku ya kuzaliwa mtoto analala kwangu, na akitoka tu kitandani, kabla ya chai, anasimamishwa pale miguu mitupu. Mwezi Septemba nilimwekea kitabu kichwani, nikachora mstari, nikapima. Arobaini na nane kamili. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nimekuwa nesi wa shule miaka thelathini na moja, nimepima watoto wa mji mzima, nani angenibishia?

Tulifika Florida Jumapili. Jumatatu jioni, baada ya kuzunguka juani kutwa nzima, tukapanga foleni ya Radi. Mlangoni alisimama mzee mmoja mstaafu, mwembamba, kifuani ana kibandiko cha jina, Delbert, mkononi ana fimbo ya kupimia yenye kibao kilichotokeza juu. Akamsimamisha Hattie, akasogeza fimbo. Kibao kilipita juu ya nywele zake bila kuzigusa.

"Bado kidogo, binti," alisema.

"Nyumbani nilikuwa arobaini na nane! Bibi yangu ni nesi!"

"Sibishani na bibi yako. Ila hii fimbo haijasomea unesi."

Watu wa nyuma yetu walicheka. Hattie hakulia pale. Alilia ndani ya gari, tena kimyakimya, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza, "Baba, mwakani mwezi kama huu utakuwepo?"

"Mwakani mwezi huu bado nitakuwa kwenye barafu, kipenzi," Garth akajibu. "Tutakuja mwaka unaofuata."

"Huo si mwaka. Hiyo ni miaka."

Hotelini nilimpima kwa utepe wa kushonea, mgongo kwenye mlango wa bafu. Arobaini na saba na nusu, na nukta kidogo. Hapo ndipo akili ilinirudia, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini. Usiku ukilala vinajaa, mchana ukisimama vinabanwa, kwa hiyo kila binadamu anaamka mrefu na kulala mfupi. Miaka thelathini na moja nilikuwa nikiwagombeza walimu kwamba watoto wote wapimwe saa ileile. Wa kwangu mwenyewe nilimpima akiwa na joto la kitanda, kwa sababu ndiyo desturi yetu, na kwa sababu nilitaka sana namba ile itoke.

Nikawaambia ukweli wote. Hattie alinitazama kama mtu aliyemuuzia saa mbovu.

"Basi tumtie soksi viatuni," Garth akanong'ona baadaye. "Jozi mbili tu, Mama."

"Mjukuu wangu haingii mahali kwa uongo. Ile sheria imewekwa mtoto asichomoke kitini."

"Sasa huo urefu wa asubuhi si ndiyo uongo uleule?"

"Wa asubuhi ni wa kwake, kaulalia mwenyewe. Soksi ni za dukani."

Jumatano tukajaribu asubuhi. Tuliamka mapema, tukaendesha gari dakika arobaini kwenye msongamano, tukatafuta nafasi ya kuegesha, tukapanda basi la kutupeleka getini, tukasimama kwenye ukaguzi wa mikoba, kisha foleni ya Radi yenyewe. Tangu Hattie atoke kitandani mpaka anafika mbele ya fimbo zilikuwa zimepita saa mbili na nusu, karibu zote kasimama. Mzee Delbert alikuwa zamu ya asubuhi. Akapima, akainama kuangalia, akapima tena. Kati ya kibao na kichwa pangepita sarafu moja.

"Umesogea sana tangu juzi," akamwambia. "Umekula nini?"

"Sijala. Nimelala," Hattie akasema, akageuka akaondoka bila kutusubiri.

Mchana ule alikataa kila mchezo. Alikaa kwenye benchi na baba yake, wakagawana kipande cha nyama ya bata mzinga. Mimi niliwatazama nikaumia moyo. Mwanangu atakwenda kukaa mwaka mzima mahali ambapo hakuna mti hata mmoja, na kumbukumbu atakayokwenda nayo ni binti yake akilia kwa ajili ya mstari niliouchora mimi.

Usiku huo huo nikaanza kuhesabu dakika kichwani. Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ya kuhama hoteli, na asubuhi nilimfuata Corinne akiwa amekalia sanduku ili lifunge.

"Corinne. Zile karatasi zako ziko wapi?"

"Si ulisema nikawashie jiko?"

"Nilisema. Zilete."

Akacheka, akazileta. Tulikaa kitandani wawili sisi, vichwa vimegusana, jambo ambalo kwa miaka kumi ya ukwe wetu sikumbuki kama liliwahi kutokea. Hoteli mpya mpaka geti, dakika saba kwa miguu. Kuingia nusu saa kabla ya umati. Kutoka geti mpaka Radi, dakika kumi.

"Tatizo ni hizo dakika za kutembea na kusimama," nikasema. "Tukimpeleka amelala, tumefika."

Corinne alifikiri kidogo. "Pale hotelini wanakodisha vigari vya kusukuma watoto. Vile vikubwa, unalaza kiti mpaka kinanyooka."

"Hattie atatuua."

"Atatuua," Corinne akakubali, na tayari alikuwa anapiga simu.

Hattie alipoambiwa alisimama katikati ya chumba kipya, chumba kizuri kweli, mashuka yake meupe kama unga, akaweka mikono kiunoni. "Kigari? Cha watoto wachanga? Ili niwe mkubwa mnanifanya mtoto mchanga?"

"Ndiyo," nikasema.

"Watu watanicheka."

"Watakucheka."

Akatuangalia mmoja mmoja, akarudi kwangu. "Sawa. Lakini Bibi avae ile kofia ya bata."

Kofia hiyo niliiona dukani Jumatatu, ya njano, ina mdomo mbele na macho mawili yanayotikisika, nikasema mtu mzima anayevaa kitu kile apelekwe hospitali. Garth alicheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyo akaenda kuninunulia.

Ijumaa asubuhi tulimvalisha Hattie akiwa amelala. Corinne alivuta suruali, mimi nikavalisha viatu, na nywele tukaziacha bila kufunga, maana fundo la nywele nalo ni uongo. Mkate na siagi ya karanga alikula chali. Kisha Garth akambeba mikononi kama zulia, akamlaza kwenye kigari, tukatoka. Mimi mbele na kofia yangu ya bata, nikifungua njia.

Getini walitutazama, na wa kucheka walicheka. Karibu yetu kulikuwa na mtoto mwingine kwenye kigari, hajafika miaka mitatu. Alimtazama Hattie na miguu yake iliyoning'inia nje, akamnyooshea kidole. "Mama, mtoto mkubwa!"

Hattie akageuza shingo. "Umesikia, Bibi? Kasema mkubwa."

"Nimesikia. Usijikunje."

Foleni ya Radi ilikuwa na watu kumi hivi. Mzee Delbert alitangulia kuniona mimi, au tuseme aliona bata, kisha akaona kigari.

"Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Anahifadhiwa."

Garth alimsimamisha. Hattie alinyoosha mgongo, akatazama mbele, akafumba midomo. Mzee yule hakuwa mtu wa kupendelea, na kwa hilo nilimheshimu. Alikagua viatu. Akabonyeza nywele kwa kiganja mpaka zikalala. Akasogeza fimbo taratibu, na mimi nikagundua nimemshika Corinne mkono na ninaubana.

Kibao kilisimama. Kilikuwa kimekaa juu ya kichwa.

Akakiondoa, akapima mara ya pili. Kikakaa palepale.

"Arobaini na nane," alisema. "Sijaongeza wala sijapunguza." Akatoa utepe wa kijani akamfunga Hattie mkononi. "Huu ni wa leo kutwa. Hakuna atakayekupima tena, hata ukirudi umechoka."

Hattie hakupiga kelele. Alimshika baba yake mkono, wakapita mlangoni, na kabla hawajapotea aligeuka akanipungia ule mkono wenye utepe.

Mimi na Corinne tulibaki kwenye uzio na kigari kitupu. Treni ilianza kupanda, tukawatafuta kwa macho, tukaona shati jekundu la Garth na pembeni yake kichwa kidogo.

"Hoteli mbili lilikuwa wazo zuri," nikasema.

"Sijasikia vizuri, Mama. Sema tena."

"Sirudii."

Alicheka, kisha ghafla akawa analia, mikono usoni. "Miezi kumi na tatu, Mama. Sijui nitaanzia wapi."

Nilimkumbatia. Kofia ikamgonga paji la uso. "Sikiliza. Siku nne mtalala kwenu, ya tano mtahamia kwangu. Kila wiki. Nitapika mimi, wewe utalala mpaka saa utakayotaka."

Akajipangusa pua. "Yaani tufungashe, tufungue, tufungashe tena?"

"Ndiyo. Kama mnakimbia mafuriko."

Treni ikajitupa. Katikati ya mayowe yote nililisikia la Hattie peke yake, na la Garth juu yake, baba na mtoto wanashindana.

Walipanda mara sita mpaka sauti ya Hattie ikaisha. Saa sita mchana alilala mwenyewe ndani ya kigari, bila kulazimishwa, mkono wenye utepe juu ya kifua. Garth alikuwa anamsukuma polepole kuelekea getini, mimi kando yake.

"Mama, nikiwa kule, siku yake ya kuzaliwa utampima?"

"Kama kawaida. Kabla ya chai."

"Hapana. Mpime jioni. Jioni kabisa, akiwa amechoka, halafu hiyo namba ndiyo uniandikie."

"Kwa nini jioni? Si utapata pungufu?"

"Ndiyo maana," alisema mwanangu. "Nikirudi nataka nimkute mrefu kuliko mlivyoniambia."

Nilivua kofia ya bata nikajifutia macho nayo, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo, kisha nikamwambia sawa, jioni.