Panya Wawili na Sabuni Yangu

Naandika haya kwa mama yeyote atakayeletewa panya nyumbani akaambiwa ni zawadi. Usicheke. Mimi pia nilicheka. Nilipomsikia shemeji yangu mlangoni akisema, "Nimemletea mtoto wageni wawili, wapole, hawana kazi," nilidhani ni kuku.

Shemeji huyu ni mdogo wake mume wangu. Kazi yake ni kufundisha watu udereva, na tangu apewe kile kiti cha pembeni chenye breki yake mwenyewe, anaona dunia nzima ni mwanafunzi wake. Akiingia jikoni, anakufundisha kukaanga. Akimkuta mtoto analia, anamfundisha kulia. Debe tupu lile, na kila mwaka linazidi kuvuma. Mmoja wa wanafunzi wake anauza wanyama wa kufuga, ndege na samaki na sungura, na ndiye aliyempa boksi la kioo lenye panya wawili wa jangwani, wale wadogo wenye mkia wa manyoya na kishungi mwishoni. Shemeji hakuwa na pa kuwaweka. Akakumbuka kwamba tumehamia nyumba mpya na binti yangu wa miaka tisa hajapata rafiki. Ndio ukarimu wake huo: kitu kikimshinda, ndipo anakumbuka ana jamaa.

"Ni ndugu wa tumbo moja," akaniambia. "Huyu mchangamfu, yule mwoga. Mwoga mtamzoesha."

Mchangamfu alikuwa ameshasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, anainamia kioo huku na huku kama mtu anayeomba kura. Binti akamwita Diwani papo hapo. Wa pili hatukumwona. Tuliona maranda ya mbao yakitikisika kwenye kona, basi. Huyo akaitwa Pazia.

"Na asipozoeleka?" nikauliza, maana nilikuwa natafuta mlango wa kuwatolea wote wawili.

Shemeji akainua kidole. "Wiki mbili. Mtu asiyeshika usukani kwa wiki mbili, huyo si dereva. Jumamosi ya pili nakuja kumpima. Asiposhikika, narudi naye dukani."

"Atafanywa nini dukani, baba mdogo?" binti akauliza.

Yule bwana gari lake lina breki mbili, mdomo wake hauna hata moja. "Mwenye duka ana chatu pale nyuma ya kaunta. Kisichofugika hakitupwi."

Mtoto akageuka akanitazama mimi, si yeye. Nami nikasema, "Haya, wiki mbili." Moyoni nilikuwa nahesabu: panya mmoja kapungua.

Sasa mniambie, mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani. Maisha yangu yote panya nimemjua ni mla vitambaa vya wateja. Leo nimkaribishe, nimpe na jina? Nikafanya ninachokijua. Nikachana suruali kuukuu ya jinzi, nikamshonea binti glovu za kufika viwikoni, mshono mara mbili, bitana ndani, hata mbwa asingepenya. Nikamwambia, bila hizi huingizi mkono mle. Halafu kila siku mchana, mtoto akiwa shule, niliwahamishia panya kwenye ndoo, nikamwaga maranda yote, nikasugua boksi kwa sabuni na dawa ya vijidudu mpaka macho yakawasha, nikatia maranda mapya. Kila siku, jamani. Jirani alipita akasema hajapata kuona kizimba kinachong'aa hivyo, nami kichwa kikavimba. Niliwacheka wanawake wanaofuga mnyama nyumba ikanuka. Wachafu wale, nikasema. Waje kwangu wajifunze.

Diwani hakujali lolote. Alipanda glovu, akatafuna uzi, akajaribu kuingia mfukoni mwa mtoto, akadai mbegu ya alizeti, akaipata, akadai nyingine. Kila mgeni alimpokea. Aliyemsifu alimkimbilia na asiyemsifu alimkimbilia. Mimi nilimdharau, lakini ndiye niliyekuwa nawaonyesha wateja.

Pazia naye kila nikimrudisha kwenye boksi safi alisimama kwenye kona akapiga mguu wa nyuma chini, tu-tu-tu, tu-tu-tu, haraka haraka. Kisha anachimba. Binti anaporudi shule, panya hayupo, kuna kifusi tu.

Jumatano jioni shemeji akaja kutuonyesha kazi. Akakunja mikono ya shati. Akatia glovu moja, akamfukuza Pazia kona hadi kona. "Kata kulia! Kata! Rivasi wewe, rivasi!" Pazia akagonga kioo mara mbili, akajitumbukiza chini ya maranda. Shemeji akajifuta jasho akasema, "Huyu ana kichwa kigumu. Aibu ni uvivu tu, shemeji. Aibu ni uvivu."

Nikaitikia. Nilimwitikia mtu ambaye hata mkewe hamwitikii.

Siku ya saba nilitoka kwenye mashine kwenda kunywa maji, nikamkuta binti amekaa sakafuni, mkono mtupu umelala ndani ya boksi, kiganja juu, mbegu moja katikati. Hasogei. Hata kope hapepesi.

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu, mama. Nakaa tu."

"Glovu ziko wapi?"

"Anaziogopa. Hazinuki mtu." Akasema kwa sauti ya chini ile ya kuamsha mgonjwa. "Jana alifika hapa kwenye kidole. Leo umeosha, anaanza upya. Mama, kila siku unamhamisha nyumba."

"Na wewe umesomea wapi panya?"

Nikamvalisha glovu mwenyewe, nikamfunga na vifungo. Ndiyo, nilitia na vifungo. Mtoto aliyehamishwa nyumba mara moja akakosa usingizi wiki nzima ananieleza habari ya kuhama, na mimi namfunga vifungo.

Siku ya tisa shemeji akapiga simu. "Zimebaki siku tano. Mwanafunzi vipi?" Nikaona aibu, kana kwamba mimi ndiye ninayepimwa. Nikaenda kumtazama huyo Pazia. Nikamwona anaburuta tumbo juu ya kile kijumba chao cha mbao, anajisugua, anarudi, anajisugua tena. Nikasogeza pua karibu, nikanusa: kweli, ana kijiharufu. Nikasema, kumbe! Mtu anayenuka lazima ajifiche. Akili hiyo. Naiandika hapa ili muone kwamba mtu anaweza kuwa na macho mawili na cherehani nzuri na bado awe hivyo.

Nikachemsha maji, nikayapooza, nikatia sabuni ya kufulia. Pazia nilimwogesha kichwa mpaka mkia. Alitetemeka mikononi mwangu kama kitu chenye betri. Nikamkausha kwa kipande cha flana, nikamrudisha kwa ndugu yake, nikaenda kukaa kwenye mashine, nasubiri sifa.

Sikumaliza upindo mmoja. Nilisikia maranda yakipiga kioo. Nikakimbia. Diwani, mpenda watu, rafiki wa kila mgeni, alikuwa amejiviringisha na Pazia wakawa mpira mmoja, huwezi kujua mkia ni wa nani. Nikavaa zile glovu, ndiyo siku pekee zilipofaa kitu, nikawatenganisha. Pazia alikuwa amechanika sikio na mgongoni karibu na mkia palikuwa pekundu. Nikamweka kwenye ndoo. Diwani akabaki anazunguka boksi, manyoya yamemsimama, anatafuta yule mgeni kaenda wapi.

Binti aliporudi hakulia. Afadhali angelia.

"Umemwogesha?"

"Alikuwa ananuka, mwanangu."

"Alikuwa ananuka Pazia," akasema.

Akakaa chini karibu na ndoo, begi la shule bado mgongoni.

Nikaichukua ndoo, nikaifunika kitambaa, nikaenda dukani kwa yule muuza wanyama, maana shemeji nilijua atanifundisha tu. Duka ni chumba kimoja kirefu, kinanuka nafaka na maji ya samaki. Mwenyewe ni mtu mnene, mpole, anaongea huku anapima chakula cha kasuku.

Nikamweleza. Alivyosikia maji na sabuni akaacha kupima.

"Mama, hawa hawajuani kwa sura. Wanajuana kwa harufu. Umemwosha mpaka nduguye hamjui. Kaona mtu baki ndani ya nyumba, afanyeje? Na kule kujisugua tumbo, alikuwa anaweka alama kwamba hapa ni kwake. Wakioga, wanaoga mchanga mkavu. Wenyewe. Boksi unabadilisha maranda kidogo kidogo, unabakiza ya zamani. Sasa hawa watenganishe kwa waya, na kila siku uwabadilishe pande mpaka wajuane upya kwa harufu."

"Kwa nini hukumwambia shemeji yangu?"

"Nilimwambia yote." Akacheka kidogo. "Alikuwa ananieleza jinsi ya kupanga duka."

Halafu akakitazama kidonda. "Hiki kitapona. Lakini mwoga huyu atakusumbua. Ukitaka, mwache hapa."

Nyuma yake, ndani ya kioo kirefu, chatu alikuwa amejikunja chini ya taa. Hakuwa akifanya ubaya wowote. Alikuwa amelala tu, mnene, ngozi inang'aa kwa usafi, hana wasiwasi wa kesho atakula nini. Nikaikumbatia ndoo kwa mikono miwili, nikatoka bila kuaga.

Alichonifundisha yule muuza wanyama ndicho nilichofanya. Nikakata waya mgumu wa dirisha, nikagawa boksi katikati, Diwani huku, Pazia kule. Kila siku tuliwabadilisha pande, huyu alale penye harufu ya mwenzie na yule vivyo hivyo. Sabuni nikaifungia kabatini. Mikono iliniwasha, nakwambia kweli, nilikuwa napita pale nikiyaona yale maranda ya siku tatu najikuna. Binti akarudi kwenye kazi yake ya kukaa tu. Mkono mtupu, kiganja juu, mbegu moja. Mimi nilimkataza kitu kimoja, kusahau kunawa baadaye, na hilo sitaliacha hata mkinicheka.

Jumamosi ikafika, na shemeji akafika nayo, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, amebeba kiboksi cha kadibodi chenye matundu.

"Mwanafunzi atoke!"

Binti akaweka mkono upande wa Pazia. Tukangoja. Shemeji akapiga miayo mara mbili, akatazama saa mara tatu. Mwishowe kifusi kikatikisika. Ikatoka pua. Akatoka yote, sikio lina pengo, akanyata mpaka ncha ya vidole. Akanusa. Akaweka mikono yake miwili juu ya kidole cha mtoto, mikono midogo kama ya mdoli, akajinyoosha, akaichukua mbegu. Hakukimbia nayo. Aliimenya palepale, ganda likadondoka kiganjani, akaila, ndipo akarudi zake.

Mtoto alikuwa hapumui. Hata mimi.

"Hajapanda mkononi," shemeji akasema. "Hajashikika. Amefeli." Akafungua kiboksi.

"Harudi mtu dukani," nikasema.

"Shemeji, si tulikubaliana?"

"Nilikubali nikiwa mjinga. Sasa nimeerevuka, nakataa."

"Panya asiyeshikika ana faida gani?"

"Na wewe uliyeshikika mke wako amepata faida gani?"

Binti akainamisha uso. Shemeji akasema wanawake hawana msimamo, akasema mtoto atakua mwoga vivyo hivyo, akasema mengi, kisha akakunja mkono wa shati ili amtoe mwenyewe. Kwa haraka zake akatia mkono upande wa Diwani. Diwani hangoji kualikwa. Akapanda kidole, akapanda kiwiko, akapotelea ndani ya shati la mwalimu.

Sijawahi kuona udereva wa namna ile. Aligonga meza, akagonga mlango, miwani kule, kiboksi kule. "Mtoeni! Shemeji, mtoe! Ananiuma!"

"Hakuumi, baba mdogo, anatafuta mbegu," binti akamwambia kwa upole. "Tulia. Kaa tu."

Ilibidi akae, sakafuni, amefumba macho, mpaka mtoto alipoweka mkono penye kola na Diwani akatoka kwa hiari yake. Shemeji akaondoka bila kunywa hata maji. Hajarudi kufundisha kitu hapa kwetu, na hilo pekee linatosha kuwa neema.

Lakini msidhani mambo yaliisha vizuri. Tulijaribu kuondoa waya baada ya wiki tatu, wakapigana. Tukajaribu tena baada ya miezi miwili, wakapigana. Muuza wanyama alisema wapo wanaosameheana, na wapo wasioweza. Hawa wetu wameshindwa, na waya upo mpaka leo. Wachangamfu na waoga huzoea nyumba mpya kila mmoja kwa mwendo wake, mama mwenzangu, ila si nyumba ambayo kila mchana inafutwa. Tena usiniambie wewe u msafi. Nilikuwa msafi kuliko wewe. Wakilala, Diwani hujibanza kwenye waya upande wake, na Pazia hujibanza upande wake, mgongo kwa mgongo, waya katikati. Binti anasema sasa wanajuana. Mimi nakaa kwenye mashine yangu, nashona.