Roshani ya Mita Nne

Bomba la kwanza lilitoboka kabla mshono haujafika nusu. Fundi Tukiman alivua kinyago, akakitazama kitundu kilichokuwa kikififia kutoka wekundu hadi weusi, kisha akapunguza moto wa mashine na kujaribu upande wa pili. Likatoboka tena. Alikuwa amechomelea vyuma kwa miaka thelathini na mmoja, na mkono wake ulikwisha kumwambia alichokishika, lakini alikata kipande kwa grenda, akasugua ukingo kwa tupa, akatoa kipimo chake mfukoni. Mchoro uliobandikwa ukutani ulidai unene wa milimita mbili. Kipimo kilisoma sifuri nukta tisa.

Alipima mabomba mengine sita. Yote yalikuwa hivyo hivyo, yamepakwa rangi nyeusi ya kupendeza, mepesi kama fimbo za pazia.

Alikuwa katika ua wa nyuma wa ukumbi wa wilaya. Ndani, wapiga gamelani, zile ngoma na kengele za shaba za Kijava, walikuwa wakirudia kipande kimoja tangu asubuhi. Wilaya ilikuwa inasherehekea siku yake ya kuzaliwa, na mwaka huu ofisi ya utamaduni iliamua kuonyesha mchezo mkubwa wa jinsi wakulima wa hapo zamani walivyogoma kuwakatia Waholanzi miwa. Tukiman alipewa kazi ya kujenga jumba la bwana mkubwa: ngazi mbili, na katikati roshani yenye urefu wa mita nne kutoka sakafuni, ambapo wanawake kumi na sita wa jumba lile wangesimama wakiwatazama wakulima chini.

Alikuwa ameujengea ukumbi huo malango, madaraja, minara, na mwaka mmoja ndege mkubwa wa chuma aliyembeba mtu hadi darini. Hakuwahi kukaa mbele pamoja na watazamaji. Siku zote alisimama pembeni, nyuma ya pazia, na watu walipokuwa wakiwatazama wachezaji usoni yeye alitazama maungio.

Bwana Hendarto, mkandarasi, alifika adhuhuri. Wafanyakazi walikuwa wamekaa wakila wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye majani ya mgomba. Tukiman alisimama, akajifuta mikono, akaenda kumwonyesha kile kipande. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kwamba huenda dukani walikosea kupakia.

"Hawajakosea," Hendarto alisema. "Ni bomba lile lile. Kiwanda tofauti tu."

"Nimelipima, bosi."

"Nani alikutuma upime, Mzee Tukiman? Wewe nimekuita kuunga."

Kisha akaeleza, bila kukasirika, kwamba vifaa vyote vimekwisha pokelewa na ofisi, vimekaguliwa, karatasi zimegongwa mhuri. Kusema sasa kwamba vifaa si vyenyewe ni kusema mhuri wa ofisi ni wa uongo. Je, Mzee Tukiman alitaka kusema hivyo?

Tukiman alijibu kwamba hapana, hakutaka. Alisema tu kwamba watu watakuwa kumi na sita.

"Watu gani? Wale wasichana? Wanakula nini wale, mchicha na upepo? Ukiwafunga wote kwenye kamba moja hawafiki uzito wa mke wangu."

Wafanyakazi wakacheka. Tukiman naye akacheka, kwa kuwa bosi ametania. Jioni ile, alipokuwa akioga, alikikumbuka kicheko chake, akajimwagia maji usoni mara kadhaa.

Hakulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu akapata njia. Nyumbani, nyuma ya jiko, kulikuwa na vyuma vya pembe vilivyobaki alipokarabati kinu cha kukoboa mpunga, vizito, vya zamani, vya aina ambayo haipatikani tena kirahisi. Yeye na mkewe Mursinah walivipakia kwenye mkokoteni wakavipeleka ukumbini, yeye akivuta, Mursinah akisukuma. Akavikata vipande vinane, akavichomelea vikipishana kati ya nguzo na nguzo chini ya roshani. Kisha akapandisha mifuko ya mchanga, mmoja mmoja, mpaka akajaza sakafu yote ya juu, na mwisho akapanda mwenyewe akarukaruka juu yake kama mtoto. Roshani haikutikisika. Mursinah, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele kabisa, alimwambia ashuke asije akavunjika kiuno.

Siku tano kabla ya sherehe mtayarishaji wa mchezo, Bi Kinasih, alikuja kuiangalia mandhari ikiwa imekamilika. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye kusalimia kila mtu kwa jina, hata wafagizi. Alisifu ngazi, akasifu nakshi, kisha akasimama chini ya roshani na kukunja uso. Mkuu wa wilaya mwenyewe alikuwa amekubali kufungua mchezo, angepita katikati ya lango la chini ya roshani akiwa ameshika taa. Sasa lango lilikuwa na vyuma vilivyopishana kama kiunzi cha wapaka rangi. Angepitaje?

Tukiman alisema ingekuwa vigumu kidogo kuviondoa. Kwa watu wa kwao, maneno hayo maana yake ni kwamba haiwezekani kabisa, na Bi Kinasih alielewa. Akamgeukia mkandarasi.

"Vinahitajika, Bwana Hendarto?"

"Havimo kwenye mchoro," Hendarto alisema.

Na kweli havikuwemo. Bi Kinasih aliutazama mchoro, uliochorwa na mtu aliyesoma, aliyehesabu kila kitu kwa bomba la milimita mbili, akaona kwamba roshani ilitakiwa kusimama bila vyuma vile. Akasema basi viondolewe, na asante sana, Mzee, kwa kujali kwako.

Tukiman alifungua kinywa. Hendarto alimwekea mkono begani, akamtembeza hadi kwenye mlango wa ua kama rafiki wa siku nyingi.

"Endah hajambo?" aliuliza. "Bado anafundisha kule kwenye shule ya mlimani?"

"Bado, bosi."

"Binti mzuri. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita, si ndiyo? Shemeji yangu ndiye anayepitisha majina. Nitamkumbusha." Alimpigapiga begani. "Mambo ya mikataba nayo, mtu akisahauliwa mara moja, basi."

Endah, binti wa Tukiman, alikuwa na miaka minane ya kufundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Juni alikuja nyumbani akiwa hali wala halali mpaka orodha itoke.

Tukiman akachukua grenda. Kazi ilichukua chini ya nusu saa. Aliacha vipande vifupi, vya urefu wa kidole, vimeshikamana na nguzo pale alipokuwa amechomelea. Hakujua aliviacha kwa nini. Labda mtu angeviona na kuuliza. Hendarto aliviona, akamwambia avisage hadi viwe sawa na nguzo na apake rangi.

Zoezi la mwisho lilifanyika Jumatano saa kumi alasiri, mvua ikipiga bati. Tukiman alisimama mahali pake pa kawaida. Wasichana walipanda wakiwa tayari wamevaa, na miongoni mwao alikuwamo Wulansari, mwenye miaka kumi na tisa, binti wa jirani yake Bi Parti muuza tempe. Alipompita alimnong'oneza kwamba leo Mzee asimtazame miguu, jana alikosea hatua na ukumbi mzima ukamcheka.

Tukiman alimshika mkono kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia asisimame katikati. Akae pembeni, karibu na nguzo ya kushoto.

"Nafasi yangu ni ya nane, Mzee."

"Badilishana na mwenzio."

Akabadilishana.

Wakulima waliingia chini wakiwa na mapanga ya mbao. Kiongozi wao akasema kwamba hawatakata hata muwa mmoja. Juu, wanawake kumi na sita walipiga hatua moja mbele kwa pamoja, kama walivyofundishwa, kuonyesha mshtuko. Nguzo ya kushoto ilijikunja katikati kama goti. Mlio wake ulikuwa mdogo, mlio wa kopo linapokanyagwa, na wapiga gamelani waliendelea kupiga kwa muda kidogo kwa sababu hawakuwa wameelewa. Roshani ililala upande mmoja, ikawamwaga wote kwenye pembe ile.

Wengi waliumia mikono na mbavu. Wulansari alikuwa wa kwanza kuanguka na wengine walimwangukia.

Tukiman alipokuwa akisaidia kuvuta vyuma aliyaona maungio yake. Hakuna hata moja lililoachia. Kila mshono ulikuwa mzima, na katikati ya mshono na mshono mabomba yalikuwa yamejikunja.

Kesho yake alikwenda hospitali. Bi Parti alikuwa amekaa sakafuni nje ya wodi, bado ana harufu ya soya iliyochemshwa. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba uti wa mgongo wa binti umeumia chini, na miguu haisikii. Alimkaribisha Tukiman akae. Baada ya muda akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua njia.

"Wulan anasema ulimwambia asimame pembeni. Kwa nini ulimwambia hivyo?"

Tukiman aliangalia mikono yake. Alisema aliona pembeni ni pazuri zaidi.

Ijumaa aliitwa polisi. Ofisa alimpa chai ya sukari nyingi, akamsogezea karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Tukiman aliisoma mara mbili, polepole. Ilisema kwamba fundi aliongeza vyuma visivyoidhinishwa, ambavyo havikuwemo kwenye mchoro, kisha akavikata mwenyewe kwa grenda, na kwa kufanya hivyo akaidhoofisha nguzo ya kushoto.

Aliomba waende wote ukumbini wakapime bomba moja tu. Ofisa alisema ukumbi umekwisha safishwa. Sherehe ni kesho, mchezo utaonyeshwa bila roshani, na vyuma vilivyoharibika mkandarasi ameviondoa kwa gharama yake mwenyewe.

"Amevipeleka wapi, afande?"

"Mimi nauza vyuma chakavu, Mzee?" Ofisa alipuliza chai yake. "Swali ni rahisi. Vile vyuma ulivikata wewe au hukuvikata?"

"Nilivikata."

"Kuna aliyekushika mkono?"

"Hapana."

"Basi. Umesema mwenyewe, nami sijakulazimisha."

Alimweleza kwamba akitia sahihi, litakuwa kosa la uzembe, mzee mwenye rekodi safi, hatafungwa. Akitaka kuleta habari za mihuri na vipimo, kesi itakuwa ndefu, itagusa watu wengi, na watu hao nao wana mdomo. Tukiman akatia sahihi. Kalamu iligoma mwanzoni, na ofisa akampa nyingine.

Mursinah alipopata habari alikaa akichambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua. Kisha akasema, "Ungesema."

"Kwa nani?"

Mwezi wa sita jina la Endah lilitokea kwenye orodha ya walioongezewa mkataba. Alikuja na keki, wakaila. Jina la baba yake lilikuwa kwenye orodha nyingine, ya mafundi wasioruhusiwa kufanya kazi yoyote ya serikali. Kazi za watu binafsi nazo zilipungua zenyewe. Mtu aliyekuja kutengenezesha tangi la maji aligeuza pikipiki yake mlangoni baada ya kuuliza jina.

Wulansari alirudishwa nyumbani mvua zilipoanza tena. Siku moja Bi Parti alikuja akasimama kwenye karakana bila kuingia. Alisema hospitali wamemwambia binti afungiwe bomba juu ya kitanda, la kujivutia, ili apate kukaa na kujigeuza bila kusubiri mtu, la sivyo mgongo utafanya vidonda. Alisema hajui fundi mwingine.

Tukiman alichagua chuma kizito kuliko kilichohitajika. Alitoboa boriti, akafunga bolti nne pale palipotosha mbili, akachomelea, akagonga magamba yaliyoganda juu ya mshono, akachomelea tena juu yake. Alifanya kazi asubuhi nzima, na msichana alilala akitazama ukuta, amefunikwa hadi kidevuni. Alikuwa amekonda na nywele zake zilikuwa zimekatwa.

Chuma kilipopoa, Bi Parti alimwinamia bintiye na kumwambia ajaribu.

Wulansari aliligeukia bomba. Alilitazama kwanza, kisha akafuata kwa macho bolti, boriti, mshono, kisha akamtazama fundi. Mikono yake haikutoka chini ya blanketi.

"Jaribu, mwanangu," mama yake alisema. "Unavuta tu."

"Litavunjika," Wulansari alisema.

Tukiman alisema halitavunjika. Alisema ni chuma cha milimita tatu na nusu. Aliona neno hilo halikufika popote. Akavua kandambili zake, akapanda kwenye ukingo wa kitanda kwa adabu, akalishika bomba kwa mikono miwili, akainua miguu.

Akaning'inia hapo, mzee wa miaka hamsini na sita, magoti yamekunjwa asiiguse miguu ya msichana, shati limempanda tumboni. Bomba halikutoa hata mlio. Bi Parti alisimama mlangoni akitazama. Wulansari alikuwa amerudisha uso ukutani. Mikono ya Tukiman ilianza kutetemeka, kwanza vidole, kisha viwiko, naye akaendelea kushikilia, akisubiri mmoja wao amwambie inatosha.