Jiwe la Katikati ya Tao

Wee! Nilimkuta Marselino amening'inia chini ya daraja la babu yangu, tindo mkononi, nyundo kiunoni. Nikapiga ukelele hadi mbuzi wakatimka.

"Shuka hapo, mpumbavu! Hilo jiwe ukiling'oa, daraja zima litakulalia!"

"Shikamoo, mayu," akajibu bila haya, akiniita mama kwa Kisukuma. "Lina dhahabu hili. Nimeliona linameta."

"Shikamoo gani ya chini ya daraja? Shuka!"

Maduara ya Katoro, yale mashimo ya dhahabu, yamemharibu huyu kijana. Kila kinachometa kwake ni mali. Daraja hili babu Bujiku alilijenga kwa mawe, bila nondo hata moja. Lina matao mawili, na kila tao limeshikwa na jiwe moja la katikati, linalobanwa na wenzake huku na huku. Malori yanayobeba pamba yetu yanapita juu yake mpaka leo, njia nyingine hatuna. Likianguka, pamba itatuozea nyumbani.

Lakini vijana wengine sita walikuwa wameshafika na sururu, macho yamewatoka. Matusi yasingetosha.

"Mchimbaji gani anavunja mwamba bila kupima?" nikawauliza. "Kizingiti cha mlango wangu babu alikichonga kutoka mwamba uleule wa jiwe hilo. Twangeni hicho kwanza. Nitaosha mwenyewe."

Wakakubali. Nani asiyejua kwamba mimi Vumilia nimeosha mchanga wa dhahabu Katoro miaka kumi na miwili?

Wakakitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka kikawa unga. Kiliniuma, jamani, kizingiti hicho nimekivuka tangu naanza kutembea. Nikatia unga kwenye karai, nikaingia mtoni, nikaanza kuzungusha maji taratibu. Wao wamejipanga ukingoni, wananitazama.

Nikaiona. Eh, Mungu wangu! Uzi wa njano, mnene, umelala chini ya karai. Miaka yote ile Katoro sikuwahi kuona uzi kama ule!

Nikawapa mgongo, nikainamisha karai, maji yakachukua vyote.

"Mchanga mtupu!" nikapiga kelele, nikimwonyesha Marselino karai. "Haya, nani atanirudishia kizingiti changu?"

Akainamisha kichwa. "Mimi, mayu."

Lori la pamba likaja linanguruma, likapita juu yetu, daraja halikutikisika. Nikacheka hadi machozi yakanitoka, nimesimama palepale mtoni, utajiri wangu umezama miguuni pangu.