Kurasa za Programu ya Mvua

Tangu msiba, kila jioni mama alivuta kiti karibu na kompyuta ya marehemu mwanawe na kumwambia bintiye, Kitinda, "Haya, nisomee kaka yako."

Kitinda akasoma. Yalikuwa maelezo ya programu ya kupima mvua, programu huria, iliyo wazi kwa yeyote, katika lugha ya kompyuta ya Python, ambayo kaka aliianzisha na watu wasiojuana wakaiendeleza. Mama hakuelewa msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, hata chembe. Alichotaka ni mifano, maana kaka aliiandika kwa mdomo wake uleule wa utani, akiwakemea watumiaji kama wadogo zake. Mama alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfikisha asubuhi.

Siku moja toleo jipya likawa tayari, na Kitinda, aliyerithi kazi ya nyaraka, yaani kurasa hizo za maelezo, ikambidi azijenge upya. Alifuata alivyofundishwa na kaka: futa kurasa zote za zamani, kisha iache mashine ichote maelezo kwenye msimbo na kutengeneza nyingine. Kurasa ni mkate, kaka alizoea kusema, unga uko kwenye msimbo. Ukitaka kuongeza chumvi, ongeza kwenye unga.

Ujenzi ukaisha bila onyo hata moja. Majina yalikuwepo, vipimo vilikuwepo. Mifano haikuwepo.

Akatafuta kwenye msimbo. Akatafuta kwenye historia ya mradi, palipohifadhiwa kila badiliko la msimbo, ingawa alijua kurasa zilizojengwa hazitunzwi humo. Ndipo alipoelewa. Kaka, mwenye sheria yake, aliivunja akiwa kitandani. Mwili ulipomchoka aliandika mifano juu ya mkate, kwenye kurasa zenyewe, akisema moyoni ataihamishia kwenye unga akipata nafuu. Hakuipata. Kitinda alilia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile hakuwa na kosa.

Jioni alimweleza mama yote bila kujitetea. Mama akamfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, mwanangu. Maneno yake nimeyasikia mara ngapi? Yamo humu kichwani." Akajiweka sawa kitini. "Kipimo cha mvua kikijaa majani, usiilaumu programu. Panda juu wewe mwenyewe, na ukifika huko..."

Akangoja. Tabasamu likamkwama usoni.

"Mtumiaji akifika huko, kaka yako alimwambia afanyeje?"

Kitinda akaigeukia kompyuta. Jioni zote zile yeye alikuwa akisoma tu, bila kuyashika maneno.